Kufuli Litiwe Mlango Upi?

Wapo wenzetu wanaotaka kurasa zote za msingi za Wikipedia ya Kiswahili zifungwe, zisiguswe ila na wakabidhi, yaani wasimamizi wake. Hoja yao ni moja tu: wanafunzi watazichafua. Sisi hatukubaliani nao.

Kwanza neno lenyewe. Wiki hapa si juma la siku saba. Ni neno la Kihawaii lenye maana ya haraka, na Mmarekani Ward Cunningham alilitwaa mwaka 1995 kuyapa jina maandishi yake ambayo msomaji yeyote aliweza kuyasahihisha papo hapo. Wikipedia ilianza mwaka 2001, na ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Asili ya kazi hii ni kwamba msomaji ndiye mhariri. Basi atakaye kufunga ndiye mwenye wajibu wa kuleta sababu.

Hatusemi milango yote iachwe wazi, la hasha. Zipo kurasa zinazoamuru mwenendo wa programu yenyewe. Mwovu akipenyeza humo mstari mmoja, aweza kumdhuru kila msomaji wa siku hiyo. Ndiyo maana tangu mwaka 2018 hata wakabidhi wa kawaida hawana tena ruhusa ya kuzihariri. Wameachiwa wachache walioteuliwa mahsusi. Hapo hatuna ubishi. Vigezo vilivyopachikwa katika makala nyingi navyo vifungwe, maana kosa la herufi moja huonekana kote. Ukurasa wa Mwanzo vilevile: ndio kibaraza cha nyumba, na kila mpita njia hutamani kuandika jina lake ukutani.

Lakini kurasa za msaada je? Makaribisho ya mgeni? Maelezo ya namna ya kuanzisha makala? Hizi ni lugha tupu, na lugha ndiyo kazi yetu. Mwanafunzi wa Bujumbura au Lubumbashi akikuta humo sentensi iliyofasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, hudhani yeye ndiye asiyejua Kiswahili. Mwalimu wake aionaye kasoro hiyo aambiwe nini? Aandike ombi katika ukurasa wa majadiliano, kisha angoje. Wakabidhi ni watu wa kujitolea, wenye shughuli zao. Ombi laweza kukaa hata mwombaji akasahau aliomba nini.

Tena woga huu wa uchafu hauna mizizi. Kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa, na maandishi ya awali hurejeshwa kwa dakika moja. Daftari likimwagikiwa wino, karatasi huchanwa. Hapa hakuna kinachochanika. Ukurasa ukiandamwa na wakorofi, wageni huweza kuzuiwa kuuhariri kwa siku chache, kisha ukafunguliwa.

Lipo na jambo la kuchekesha. Maneno ya vitufe, kama Hariri na Historia, hufasiriwa katika translatewiki.net, na mfasiri huko si lazima awe mkabidhi wa popote. Kazi yake huenea kwenye wiki nyingine zitumiazo programu hiyo kwa Kiswahili. Basi mtu huyohuyo aaminiwe kwa neno litakalosomwa kote, akatazwe kurekebisha aya moja ya msaada!

Sisi wa nchi jirani tuna sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Mwaka 1930 ilipoundwa Kamati ya Lugha, wajumbe walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo, Rwanda na Burundi, zilizokuwa chini ya Wabelgiji, hazikuwamo. Kiswahili sanifu kilitufikia kikiwa kimekwisha kukatwa na kushonwa. Kimetufaa, hatukani, na twakifundisha kila siku. Ila safari hii kitambaa kingali mezani, na mkasi hauhitaji ruhusa ya serikali yoyote.

Twapendekeza basi: kurasa za programu, vigezo vikubwa na Mwanzo zifungwe, za msaada, makaribisho na maelezo ziachwe wazi kwa kila aliyejiandikisha. Na wenzetu watakao kufunga watuonyeshe, katika historia ya kurasa hizo, ni uharibifu gani ulioshindwa kurekebishwa.