Nyumbu Ana Namba, Babu Hana

Kila mzee akifariki kijijini, sisi watu wa fasihi tunakimbilia kulia kwamba maktaba imeungua. Msemo huo umenichosha. Mzee haungui. Wachomaji ni sisi, na naanza na mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa Robanda, wilayani Serengeti, na babu mmoja akanitajia vilima ambavyo sasa viko ndani ya hifadhi, kilima kimoja kimoja, na ukoo uliowahi kukaa hapo. Kiikoma kidogo, Kiswahili kidogo, saa mbili nzima. Nikarekodi kwa simu. Faili likajiita "Sauti 014". Baadaye nikabadilisha simu, memori kadi ikachanganyika na nyingine, na leo ukinidai simulizi ile sina cha kukupa. Babu ameshatangulia. Haya, nani kachoma?

Sasa vuka mpaka uingie hifadhini. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walianza kutega kamera 225 zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita, mradi wa Snapshot Serengeti. Kila picha inajulikana imetoka kamera ipi, tarehe ipi, saa ngapi. Yaani nyumbu aliyekatiza usiku ana kumbukumbu safi kuliko babu aliyezungumza mchana kweupe. Siwalaumu watafiti. Nawaonea wivu.

Wenye data nyingi kweli, kama CERN kule Geneva, bado wanatumia kanda za sumaku. Kaseti moja ya LTO-9, iliyoingia sokoni 2021, inaenea kiganjani na inabeba terabaiti 18. Ila kinachonivutia ni kile kikaratasi cha barkodi kilichobandikwa ubavuni, chenye herufi na tarakimu chache tu. Mkono wa roboti unasoma barkodi, unachomoa kaseti kwenye rafu, unaiingiza kwenye mashine ya kusomea, kisha unairudisha. Roboti haielewi hata neno moja la kilichomo. Inajua jina la kaseti na mahali inapokaa, na hilo linatosha kuiokoa.

Na kazi haiishii hapo. Mashine ya LTO-9 inasoma kaseti za LTO-8, lakini za LTO-7, zilizotoka 2015 tu, haizisomi. Kwa hiyo kuna watu kazi yao ni kuhamisha data kutoka kanda kuukuu kwenda mpya, mwaka nenda mwaka rudi. Kuhifadhi ni kama kupalilia: ukiacha msimu mmoja, shamba si lako tena.

Mtaniambia fasihi simulizi inaishi midomoni, haihitaji lebo. Sawa, mbona basi mnarekodi? Ukishabonyeza kile kitufe umempa mtu ahadi. Mzee analijua hilo, ndiyo maana huweka kofia sawa kabla hajaanza kusema.

Robanda haihitaji roboti. Inahitaji sisi wageni wenye simu tuwe na daftari la shilingi chache: namba ya rekodi, jina la msimulizi, kijiji, lugha, tarehe. Nakala moja kwako, moja kwa rafiki wa mji mwingine, moja kwa wajukuu wake. Ukimaliza hayo, andika tanzia yako, nitaisoma.

Kabla ya hapo, hebu fungua simu yako sasa hivi. Una "Sauti" ngapi humo zisizo na mwenyewe?