Mjane kasainishwa msibani

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Shemeji yangu alianguka kutoka ghorofani kwenye jengo walilokuwa wakijenga, akafariki papo hapo. Mwajiri alileta jeneza, gunia la mchele na bahasha ya rambirambi, kisha akamsainisha dada karatasi kwamba "wamemalizana". Kalamu alimpa yeye mwenyewe, pale pale mkekani.

Wamemalizana nini? Tangu 2015 tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na waajiri, na sheria inawapa mjane na watoto pensheni. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya kifo. Huyu hata simu hapokei.

Wahusika, mwajiri akinyamaza, mjane aanzie wapi? Tujibuni humu humu gazetini.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam