Mpaka wa muda uliodumu miaka 30: funzo la Transnistria kwa Kivu

Kutoka Chișinău, mji mkuu wa Moldova, hadi Tiraspol ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Basi dogo linapita kwenye mashamba, kisha linasimama kwenye kizuizi chenye bendera ambayo hakuna hata nchi moja mwanachama wa Umoja wa Mataifa inayoitambua. Askari anaangalia pasipoti lakini hapigi muhuri. Anampa mgeni karatasi ndogo inayoonyesha siku na saa anayopaswa kuwa ametoka. Hapo ndipo inapoanza Transnistria, ukanda mwembamba uliobanwa kati ya mto Dniester na Ukraine, wenye wakaaji wasiofika laki tano.

Wageni wengi huenda huko kutazama mabaki ya Umoja wa Kisovyeti. Bendera bado ina nyundo na mundu, sanamu ya Lenin imesimama mbele ya bunge, na kifaru cha vita ya pili ya dunia kimewekwa juu ya jiwe la ukumbusho. Wanapiga picha, wanabadilisha pesa kidogo ili wapate sarafu za plastiki za huko, na jioni wanarudi Chișinău. Lakini Lenin si habari kubwa ya Tiraspol. Habari kubwa iko katika karatasi za wakaaji.

Pasipoti ya Transnistria haimfikishi mtu popote, kwa hiyo wengi wana pasipoti ya pili, ya Moldova, ya Urusi au ya Ukraine. Rubli yao haibadilishwi katika benki za nje. Barua ikibandikwa stempu ya Tiraspol peke yake, haivuki mpaka. Hata mpira unahitaji jina la mwingine. Tarehe 28 Septemba 2021, Sheriff Tiraspol, ikiwa na Adama Traoré wa Mali na Edmund Addo wa Ghana, iliifunga Real Madrid 2-1 nyumbani kwake. Timu hiyo ilikuwa imeingia Ulaya kama bingwa wa Moldova, nchi ambayo Tiraspol inasema si yake.

Hali hii ilitokeaje? Transnistria ilijitangaza tarehe 2 Septemba 1990, wakati Umoja wa Kisovyeti ulipokuwa unavunjika. Vita vilikuja mwaka 1992, vikaua mamia ya watu kwa miezi michache. Tarehe 21 Julai mwaka huo, marais wa Urusi na Moldova walitia sahihi makubaliano ya kusimamisha mapigano. Bunduki zilinyamaza, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini swali la nani anatawala liliachwa kwa mazungumzo ya baadaye, na hayo baadaye hayajafika. Mwaka 1999, katika mkutano wa Istanbul, Urusi iliahidi kuondoa askari wake kabla ya mwisho wa 2002. Bado wapo, 1,500 hivi. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa vita sasa ni mzazi, na hajawahi kuishi bila kizuizi.

Kumtegemea mlinzi kuna bei yake. Kwa miaka mingi Transnistria iliishi kwa gesi ya Urusi ambayo haikuilipia. Tarehe 1 Januari 2025, gesi iliyokuwa ikipitia Ukraine ilikatika. Katikati ya baridi kali, nyumba zilikosa joto na maji moto, viwanda vikasimama, umeme ukawa wa mgao. Mwezi mmoja baadaye gesi ilirudi kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, kupitia Moldova ileile.

Moldova haikuweza kuirudisha ardhi hiyo kwa nguvu, lakini haikuwatupa watu wake. Iliwapa pasipoti waliozitaka. Makampuni ya Tiraspol yanajiandikisha Chișinău ili yauze bidhaa Ulaya. Kwa makubaliano ya 2017 na 2018, diploma za chuo kikuu cha Tiraspol zilipata njia ya kukubaliwa nje, na magari yakapata namba zisizo za upande wowote. Daraja la Gura Bîcului, lililobomolewa katika vita, lilifunguliwa kwa magari Novemba 2017, miaka 25 baada ya vita hivyo. Ni hatua ndogo, lakini zinamfanya mkaaji wa upande wa pili aendelee kuihitaji Chișinău.

Kivu si Transnistria. AFC/M23 haijatangaza nchi mpya, na Wakongomani hawajasahau Katanga ya 1960 hadi 1963, iliyokuwa na pesa na stempu zake, bila nchi hata moja kuitambua. Hata hivyo, tangu Goma ilipochukuliwa mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, mstari umechorwa katikati ya maisha ya watu. Benki zilifunga milango Goma, ndege za abiria zikaacha kutua. Anayetoa kibali leo, anayepokea kodi na kuteua wakubwa wa vijiji, anazoeleka. Akizoeleka, hahitaji tena kutangaza lolote.

Kwa hiyo mazungumzo ya Doha yasipimwe kwa milio ya risasi peke yake. Kusimamisha vita bila tarehe ya kurudisha uongozi wa serikali, na bila anayesimamia tarehe hiyo, ni kurudia Julai 1992. Na Kinshasa isingoje siku hiyo ndipo iwakumbuke wakaaji. Mtoto aliyezaliwa Rutshuru anahitaji cheti cha kuzaliwa cha Kongo, mwanafunzi wa Goma diploma ya taifa, mwalimu wa Kalehe mshahara wake. Kumfikishia mwalimu mshahara si kumtambua mwasi. Ni kumtambua raia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tiraspol ukuta ulijijenga wenyewe, karatasi moja baada ya nyingine, mikutano ikiendelea.