Saiti unakwenda kila Jumamosi, kadi ya mtoto umeiangalia lini?

Aliyewahi kujenga anaijua hali hii. Ukikaa wiki mbili bila kutia mguu saiti, siku ukienda utakuta ukuta umepinda, au mifuko mitatu ya saruji haionekani na fundi ana maelezo marefu. Ndiyo maana wazazi wengi wa Dar es Salaam wanapanda daladala kila Jumamosi hadi Goba, Kibada au Chanika, hata kama hawana la kufanya huko zaidi ya kusimama, kuhesabu matofali na kuuliza maswali.

Sasa fungua kabati la chumbani. Chini ya vyeti na risiti za luku kuna kadi ya kliniki ya mtoto. Kwenye familia nyingi, mara ya mwisho kadi hiyo kuguswa ni siku mtoto alipochomwa sindano ya surua ya miezi 9.

Hapo ndipo ufuatiliaji unapokatika. Mwanzoni tunakwenda vizuri: kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14. Kila tarehe ina chanjo yake, na muuguzi ameiandika kwa peni. Baada ya miezi 9 hakuna sindano mpaka miezi 18, na mama amerudi kazini, mtoto anabaki na dada au bibi. Wengi wanahesabu kwamba kliniki imekwisha, kumbe mtoto anatakiwa kupimwa uzito kila mwezi na kuendelea kufuatiliwa hadi afikishe miaka 5.

Kwenye pengo hilo la miezi tisa yanapotea mambo mawili makubwa. La kwanza ni chanjo ya pili ya surua na rubela. Watu huuliza kwa nini irudiwe wakati mtoto alishachanjwa. Jibu ni kwamba katika kila watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, takriban 15 miili yao haijengi kinga. Huwezi kumtambua kwa macho mtoto wako yuko kundi gani. Dozi ya miezi 18 ndiyo inayowafikia hao, na surua ikiingia mtaani ndio inaoanza nao. Kama umechelewa, nenda hivyo hivyo. Mtoto wa miaka 2 aliyeikosa anapewa, na waliochelewa chanjo nyingine kama pentavalenti hawaanzi upya, wanaendelea pale walipoishia.

La pili ni ukuaji, na hili linaumiza zaidi kwa sababu halina homa wala kelele. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa. Hakuna mtoto anayedumaa kwa wiki moja. Anapungukiwa kidogo mwezi huu, kidogo mwezi ujao, mara nyingi kati ya miezi 6 na miaka 2, wakati ambao maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena na chakula tunachomwongezea ni uji mwepesi unaopita kwenye chuchu ya chupa.

Kadi ilitengenezwa kwa ajili ya kuliona hilo mapema. Daktari Mwingereza, David Morley, aliyefanya kazi Nigeria miaka ya 1950 na 1960, ndiye aliyeusambaza mtindo wa chati ya uzito ambayo mama anaondoka nayo nyumbani badala ya kufungiwa kwenye faili la hospitali. Alitaka mzazi naye aone njia ambayo mtoto anapita. Kwa bahati mbaya wengi wetu tunaibeba kadi kama tiketi ya kuingilia tu. Muuguzi anataja "kilo nane na nusu", tunasema asante, tunaondoka.

Kilo nane na nusu peke yake haisemi kitu. Tazama nukta ya mwezi huu na za miezi miwili iliyopita. Mstari ukipanda sambamba na ile iliyochapwa, endelea. Ukilala, yaani uzito ni uleule kwa miezi miwili mfululizo, hiyo ni taarifa, hata kama mtoto anacheza na ana mashavu. Ukishuka, usisubiri tarehe ijayo. (Hakikisha tu amepimwa bila nguo nzito. Sweta na nepi iliyolowa vinaweza kuficha mwezi mzima wa kukonda.)

Mstari ukilala, muulize muuguzi maswali yale ambayo ungemuuliza fundi: tatizo limeanza lini, linasababishwa na nini, tufanye nini, turudi lini kuangalia. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Ushauri wa chakula usio na tarehe ya kurudi kwenye mizani hauwezi kujulikana kama umefanya kazi.

Nyumbani, angalia idadi ya milo. Mtoto anayenyonya anahitaji kulishwa mara 2 hadi 3 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, na mara 3 hadi 4 kuanzia miezi 9. Uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko, uwe na karanga zilizosagwa, maziwa au mafuta kidogo, na mlo mwingine uwe na yai, maharage au dagaa. Mimi siamini sana mashindano ya unga wa nafaka saba. Nafaka saba bado ni nafaka.

Dawa nazo zina tabia hiyohiyo ya kuachwa njiani. Zinki ya kuharisha ni siku 10 hadi 14, lakini tumbo likitulia siku ya tatu vidonge vinabaki juu ya friji.

Kwa hiyo chagua siku moja ya mwezi, iandike kwenye simu za wazazi wote wawili, na siku hiyo kadi itoke kabatini. Baba asiyeweza kwenda kliniki atumiwe picha ya ukurasa wa chati kwenye WhatsApp, aulize kama anavyouliza habari za lenta. Dada wa kazi naye aelezwe mstari unasema nini, maana ndiye anayeshika kijiko mchana. Kwenye picha hiyo kagueni pia vitamini A, inayotolewa kila miezi 6 kuanzia mtoto akiwa na miezi 6, na dawa za minyoo kuanzia mwaka mmoja. Hizi hutolewa kwa kampeni Juni na Desemba, hivyo ni rahisi kupitwa.

Na kama kadi imepotea, usiache kwenda kwa kuogopa kusemwa. Nenda kituo alikochanjwa, taja jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, waangalie kwenye rejista yao na wakuandikie nyingine.