"Kocha Alisema" Si Jibu

Kuna imani ambayo Nairobi hii haina mpinzani, iwe ni kwenye jimu zenye viyoyozi za Spring Valley au chini ya mabati kule Kangemi, ambako vyuma ni mikebe iliyojazwa saruji: kocha ndiye wa kufikiri, mchezaji ni wa kutoka jasho. Mchezaji akiuliza kwa nini leo anachuchumaa na kilo 80 begani badala ya 70, anaitwa mjuaji. Akinyamaza na kuzibeba, anasifiwa kwa nidhamu. Mimi siioni nidhamu hapo. Naona uvivu wa watu wawili, na anayeugharamia ni mwenye goti.

Tazama alasiri yoyote kandokando ya Lower Kabete Road na Peponi Road. Kijana wa raga au wa kuogelea anashushwa garini, kocha anayelipwa kwa saa anafungua simu, anasoma orodha, kijana anainua. Mwaka unaisha na kijana hajui kwa nini seti ni nne wala kwa nini wiki ya mechi vyuma hupunguzwa. Mzazi ameridhika kwa kuwa mtoto amerudi nyumbani amechoka. Na kocha? Anayeuza saa zake hana haraka ya kumfunza mteja asimhitaji. Simlaumu sana, kodi ya nyumba Westlands si mchezo.

Utetezi wa kawaida ni kwamba elimu ya nguvu ni ya wataalamu, kijana hataiweza. Basi nimtaje mtaalamu mmoja. Mwaka 1979 Mmarekani Kenneth Knight alichapisha utaratibu wa kurudisha nguvu za goti lililoumia. Seti ya kwanza unainua mara 10 kwa nusu ya uzito wako wa kazi, ya pili mara 6 kwa robo tatu, ya tatu uzito wote, mara nyingi kadiri uwezavyo. Marudio utakayoyafikisha kwenye seti hiyo ya tatu ndiyo yanayopanga uzito wa seti ya nne, na ya nne inapanga uzito wa siku inayofuata. Ukikwama baada ya mara mbili, unapunguza. Ukipita kiasi kilichowekwa, unaongeza. Aliyekesha akisomea mtihani atainua kidogo leo bila kuomba ruhusa wala kudanganya kuwa tumbo linauma. Tena Knight aliubuni kwa ajili ya wagonjwa! Kama mtu aliyetoka kujeruhiwa goti anaweza kuongozwa na hesabu ya marudio yake mwenyewe, mwanafunzi mzima wa sekondari anashindwaje? Anachohitaji ni daftari, kalamu, na mtu wa kumweleza mara moja kwa subira.

Wakenya tuna mfano wetu, polisi na mrusha mkuki Julius Yego, lakini tumemsimulia vibaya. Kwa kukosa kocha wa mkuki, alijifunza kwa kutazama video za warusha mkuki Jan Železný na Andreas Thorkildsen kwenye YouTube. Mwaka 2015 mjini Beijing alirusha mita 92.72, akawa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata alipata medali ya fedha Rio kwa mita 88.24. Tumeigeuza habari hiyo kuwa kioja cha kufurahisha wageni: polisi, intaneti, mkuki. Wanaonipinga hukumbusha kwamba kabla ya medali hizo alikwenda Kuortane, Ufini, akafunzwa na Petteri Piironen. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yao inaponifaa. Alikwenda akiwa tayari bingwa wa Michezo ya Afrika ya Maputo, 2011, akiwa amekwisha kujitazama, kujilinganisha na kujisahihisha. Kocha wa Ufini alimpokea mtu mwenye maswali.

Na makocha huondoka. Tangu Mike Friday mwaka 2012, timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba imepita mikononi mwa Paul Treu, Benjamin Ayimba, Innocent Simiyu (mara mbili), Paul Murunga, Paul Feeney, Damian McGrath na Kevin Wambua, bila kutaja walioshikilia kwa muda. Kila mmoja na mipango yake. Katika zamu zote hizo, kumbukumbu ya nini kiliujenga mwili wa mchezaji fulani na nini kiliuumiza inaweza kukaa salama kwa mtu mmoja tu, naye ni mchezaji mwenyewe.

Halafu kuna jambo tunaloliogopa. Kanuni za dunia dhidi ya dawa zilizopigwa marufuku humwajibisha mwanariadha kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama alipewa na mwingine. Kenya tuliunda wakala wetu, ADAK, kwa sheria ya 2016, na maonyo tumeyatoa mengi. Lakini kijana aliyefunzwa miaka sita kutouliza kuhusu kilo, tunatarajia atauliza kuhusu unga na vidonge?

Sisemi kijana wa miaka 14 ajitungie programu. Mwanzoni kocha ashike kila kitu: mgongo ukae vipi, magoti yaelekee wapi. Kisha amwachie achague uzito kati ya mipaka miwili, amuulize baada ya kila seti angeweza kurudia mara ngapi zaidi, amwache akosee kwa kilo mbili na si ishirini. Baadaye wapange wiki pamoja, hadi kijana apange na kocha akosoe. Ni kazi ngumu kuliko kusoma orodha kwenye simu, na inastahili malipo makubwa zaidi.

Mzazi wa Spring Valley, usimuulize kocha mwanao ameongeza kilo ngapi. Muulize mwanao kwa nini Jumanne alipunguziwa. Akijibu "kocha alisema", umekuwa ukilipia usimamizi, na mafunzo bado hayajaanza.