Apophis Siyo Pakanga



Wapo wahubiri wanaotangaza kwamba jiwe la angani liitwalo Apophis ndilo ile nyota Pakanga ya Kitabu cha Ufunuo, na kwamba siku yake ya kutuangukia inajulikana: Ijumaa, 13 Aprili 2029. Nasema waziwazi: huo ni uongo, tena uongo wenye kuchuma fedha.

Jiwe hilo, lenye upana wa mita 340 hivi, liligunduliwa Juni 2004 huko Kitt Peak, Marekani. Desemba ya mwaka huo hesabu za awali zilifikisha uwezekano wa kuigonga dunia mwaka 2029 hadi asilimia 2.7. Wataalamu hawakuficha. Muda mfupi baadaye zikapatikana picha za mwezi Machi ambamo jiwe lilikuwa limenaswa bila kutambuliwa. Njia yake ikapimika vizuri zaidi, na hofu ya 2029 ikafutwa. Machi 2021 vipimo vya rada viliondoa hata hatari iliyokuwa ikitajwa ya mwaka 2068. Je, waliosahihisha hesabu zao hadharani tuwaite wapinga Mungu, na yule anayeng'ang'ania namba iliyofutwa tangu 2004 tumwite nabii?

Hoja yote imo katika obiti, yaani njia ya kulizunguka jua. Apophis hukamilisha mzunguko kwa siku 324 hivi, na njia yake hukaribiana na ya dunia. Lakini barabara mbili kukutana si magari kugongana. Sharti yafike njia panda kwa dakika ileile. Mwaka 2029 litapita kilometa 32,000 hivi juu ya uso wa dunia, karibu zaidi kuliko setilaiti za mawasiliano zilizo kwenye kilometa 36,000. Na dunia ndiyo itakayoligeuza jiwe: mvutano wake utaipanua obiti ile hata mzunguko mmoja uzidi mwaka mzima.

Tena, hiyo Ijumaa ya tarehe 13 wanayoitetemekea ni ya Ulaya na Marekani! Kwetu Afrika Mashariki itakuwa karibu saa 7 kasoro robo usiku, tayari Jumamosi tarehe 14, katika juma la pili la Pasaka.

Anayemtaka mjane atoe ada ya mtoto wake iwe sadaka ya kinga dhidi ya jiwe hili, mwombeni kwanza awaoneshe hesabu zake. Nanyi, anga ikiwa safi usiku ule, tokeni nje na watoto. Litaonekana kwa macho matupu, mfano wa nyota ya kawaida inayotembea.