MTOTO WA NYUMBA MBILI

Alfajiri, mashua zinapotia nanga, hawakosekani madikoni vijana wa miaka 13 au 14 wakibeba makanda na kupara samaki kwa ujira wa samaki wawili watatu. Wengi wetu huwapita tukisema kuwa ni watundu waliokimbia skuli. Hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Mwulize mmoja wao anakaa wapi, utaona jawabu yake si nyepesi. Baba amemwacha mama na kuoa kwengine. Mama ameolewa na mume asiyemtaka mtoto wa mwenziwe. Naye amebaki kwa bibi yake, ambaye tegemeo lake ni pencheni jamii iliyoanzishwa mwaka 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Samaki wale ndio kitoweo cha usiku. Akiuza mmoja, amepata daftari.

Elimu bila ya malipo ilipotangazwa Visiwani tarehe 23 Septemba, 1964, kizuizi kikubwa kiliondoka. Lakini ada pekee siyo inayomzuia mtoto. Njaa humzuia, na vile vile kutojua usiku huu atalala kwa nani.

Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011 inawawajibisha wazazi kumlea mtoto, wawe pamoja au wametengana. Talaka humtenga mume na mke. Haimtengi baba na mwanawe. Hata hivyo, mama asiye na nauli ya kwendea mahakamani, na ambaye jamaa humtaka asitoe aibu nje, sheria hiyo huisikia tu.

Kwa hiyo tunatoa rai. Masheha wawajue watoto wasiokaa na wazazi wao katika shehia zao, na maofisa wa ustawi wawafikie kabla hawajafikiwa na wahalifu. Makadhi, talaka inapofika mbele yao, waulize mtoto atalala wapi na atalishwa na nani. Walimu nao wasimrudishe mwanafunzi kwa sare iliyochakaa kabla ya kujua anakotoka.

Ama akina baba, tunawakumbusha kuwa wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo huu si wa mwenzenu. Ni wenu, na hivi sasa anaubeba bibi kizee pamoja na mtoto mwenyewe.